Sweta Inayofunguka Begani

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
Nyuma ya karakana ya kuchomelea.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Salamu zangu zikukute umekaa, usiwe umesimama, maana najua goti lako. Linaendeleaje? Ulisema ngazi za kazini kwako ndizo zinazolimaliza. Je, wamekupa dawa ya maana au bado ni yale mafuta ya kuchua yenye harufu ya kufukuza wageni? Na shemeji huko mzima? Wanangu nao, wamefika urefu gani? Nakuuliza urefu kwa sababu maalumu, utaiona mbele. Chukua futi, wapime, uniandikie.

Sisi hapa tu wazima. Mama kikohozi kimemwachia, amerudi kwenye kazi yake ya kubishana na redio. Shemeji yako yupo, mabomba ya watu hayajaacha kupasuka, kwa hiyo hatulali njaa. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo tu ndio hautulii, na huo ndio umenifanya nikae kimya miezi minne. Usininunie. Kila nilipoketi kukuandikia niliinuka kabla ya kumaliza salamu.

Ile habari ya kazi unaijua. Ofisi ilifunga meza ya simu. Miaka kumi na tisa nimeunganisha watu, huyu na mhasibu, yule na bohari, na sasa mtu akipiga anajibiwa na sauti isiyo na mwili: bonyeza moja, bonyeza mbili. Nilikuambia kwamba nimelipokea vizuri. Nilikudanganya.

Wiki ya kwanza nililala. Ya pili nilifua mapazia, yakakauka, nikayafua tena. Ya tatu nilianza kupanga viatu vya majirani mlangoni mwao, mpaka mmoja akaniuliza kama kuna mtu kaniajiri. Shemeji yako alikuwa akirudi ananikuta natoka dirishani kwenda jikoni, jikoni kwenda dirishani.

"Keti basi," aliniambia siku moja. "Unanichosha macho."

"Nikikaa nasikia simu zinaita."

"Hakuna simu inayoita hapa."

"Najua," nikamwambia. "Hilo ndilo linalonitesa."

Kesho yake aliitwa kuziba bomba kwenye duka la nyuzi, lile la karibu na stendi, akakuta juu ya duka kuna chumba wanafundisha kufuma nguo za watoto kwa mashine. Akaandikisha jina langu bila kuniuliza. Nilimgombeza jioni nzima, asubuhi nikaenda.

Mwalimu ni binti wa miaka ishirini na sita. Sisi wanafunzi tunamwita Kipimo, kwa sababu hazungumzi mambo mawili bila kutaja sentimita. Dada, ni mtihani kuwa na mwalimu ambaye ungeweza kumzaa. Shikamoo ananipa mlangoni kwa adabu zote, na nikishavuka kizingiti ananikaripia kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Mashine yenyewe usiifikirie kama cherehani. Ni ndefu kama kinanda. Sindano mia mbili zimelala bega kwa bega, kila moja ina kindoano mbele. Juu yake kinapita kigari unachokisukuma kwa mkono, kulia, kushoto, na kila kikipita safu nzima ya vitanzi imeshafumwa. Krrr, krrr. Chini unaning'iniza vyuma vidogo vya uzito, kuivuta kazi isipande. Mkono mmoja unasukuma, macho yanahesabu, miguu inatembea mahali pamoja. Nikasema, Mungu ameniletea kazi ya watu wasiotulia.

Nilijidanganya. Kusukuma ni sehemu ndogo kabisa. Kazi yenyewe iko kwenye karatasi ya mchoro: anzisha vitanzi themanini na vinne, fuma safu mia moja, punguza vinne kila upande, na kadhalika mpaka shingoni. Na kabla hujagusa nguo, unatakiwa ufume kipande cha majaribio, ukifue, ukisubiri kikauke, ndipo uhesabu ni vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita kumi. Ukisubiri! Mimi! Nikaona huo ni urasimu wa kitoto. Uzi ni uzi. Nikakiruka kipande cha majaribio, nikaanza sweta moja kwa moja, na katikati ya kazi nikalegeza uzi ili kigari kiende haraka.

Kipimo aliinua nilichokifuma, akakitandaza mezani mbele ya darasa zima. Kifua kingemtosha paka. Mikono ingemtosha shemeji yako.

"Mama, huyu mtoto yuko wapi?" akaniuliza.

"Mtoto gani?"

"Mwenye mwili huu. Nataka nimwone."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kazi yake yote chini, vyuma na vitanzi, nikafurahi kidogo. Nilifumua ile sweta safu kwa safu. Tangu siku hiyo nafuma kipande cha majaribio, nakifua, na wakati kinakauka nazunguka lile duka la chini mara nane, mara tisa.

Baada ya wiki sita nilitoa sweta ya mtoto wa miaka miwili, kila kitu mahali pake. Kipimo aliipima pande zote, akasema "haya". Kwake "haya" ni sherehe. Nikanunua mashine iliyotumika, nikaiweka pale penye dirisha ulipokuwa ukikaa kusuka nywele, na nikaanza kuwafumia watoto wa jengo hili. Karatasi inasema, mimi natii. Nikajiona fundi.

Nimeinuka kidogo kuzima jiko, nimerudi. Sasa nifike kwenye lile lililoniletea aibu, na nakuomba ulisome lote kabla ya kunihukumu.

Humjui jirani wetu wa chini. Alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni fundi viatu, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya mtu mnene, ameweka meza yake kwenye ukumbi wa kuingilia. Ana binti mmoja wa miaka minne ambaye jengo zima linamwita Bosi, kwa sababu anakaa kwenye kibao pembeni ya mama yake na kuwaamuru wateja. Ukileta kiatu kimoja atakuambia: "Lete na cha pili, tukione."

Bosi alizaliwa na maji kichwani. Alipasuliwa akiwa na miezi miwili, wakamwekea mrija mwembamba chini ya ngozi, nyuma ya sikio la kulia, wa kuyashusha maji tumboni. Anaendelea vizuri, anatembea, na maneno yake ni ya mtu wa miaka arobaini. Lakini kichwa ni kikubwa. Ukimwona mara ya kwanza unatazama, kisha unajilazimisha kutazama pengine. Siku zote nilimwona amevaa mashati ya vifungo, na kwenye baridi koti la mvua. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwezi wa Machi fundi viatu aliniambia Bosi ataanza shule ya awali baada ya wiki tano, na sare ni sweta ya samawati yenye shingo ya kuchongoka mbele, ya kuvaa kwa kupitisha kichwani. Aliuliza kama naweza. Nikasema hiyo nitaifuma nimefumba macho. Basi, nilifanya hivyo hasa. Nilimpima mtoto kifua, mikono, urefu wa mgongo, nikiongea mfululizo, nikimtania. Futi ilipofika shingoni niliikunja nikaitia mfukoni. Nilijiambia karatasi ya miaka minne ina shingo yake, na uzi unavutika.

Niliipeleka Jumamosi mchana, wateja watatu wakiwa wamekaa wakisubiri viatu. Niliipiga pasi, nikaitia kwenye mfuko wa karatasi. Nilitaka kuonekana, dada, nakiri. Bosi akaruka kwenye kibao, akainua mikono juu. Mama yake akamvika.

Ilifika kwenye paji la uso ikakwama. Akavuta, ikashuka mpaka puani, ikagoma kabisa, haiendi chini wala hairudi juu. Mtoto akawa gizani ndani ya uzi wangu, mikono imenasa hewani. Akaanza kupiga kelele: "Sikio! Mama, sikio!" Pindo la shingo lilikuwa limekaza juu ya ule mrija. Mimi nilisimama tu. Mmoja wa wateja alisema, "Kata, kateni!" Fundi viatu akachukua kisu chake cha ngozi, akaingiza vidole viwili kati ya pindo na ngozi ya mwanawe, akakata kuanzia juu kwenda chini. Vitanzi vikafumuka vyenyewe.

Alimbembeleza mpaka akanyamaza. Kisha akanitazama, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwa nini hukumpima kichwa?"

"Niliona aibu," nikasema.

"Aibu ya nani?"

Hata sasa sijui nimwandike nani mbele ya swali hilo. Akanikabidhi sweta iliyokatwa, akawageukia wateja wake.

Siku zilizofuata usiniulize. Niliifunika mashine kwa shuka. Niliomba radhi mara tatu, kila mara akasema "yamekwisha" kwa sauti ya mtu aliyefunga duka. Bosi hakuwa ananisemesha. Nikipita anajifanya anapanga misumari. Nilitembea, dada. Nilitoka nyumbani bila safari, nikifika mwisho wa barabara narudi, nikifika mlangoni nageuka. Kwa kuwa ngazi zetu zinashukia kwenye meza yake, nilijifunza kupita kwa haraka kama mwenye haja. Nikamwambia shemeji yako atafute mtu wa kuichukua ile mashine.

"Umemwomba radhi?" akaniuliza.

"Mara tatu."

"Kwa ajili ya sweta?"

"Ya nini tena?"

"Sweta ilikatwa, imekwisha. Mimi naona ungemwomba radhi kwa kuikunja futi."

Unamjua shemeji yako, kwa mwezi mzima anaongea habari za mabomba, halafu anakutolea neno moja hivi na kuomba chumvi. Niliitoa futi mfukoni mwa gauni ambamo ilikuwa imekaa siku kumi na moja, nikashuka.

Wateja walikuwepo. Nilitaka kusubiri waondoke, nikaona nikisubiri nitapanda tena ngazi. "Nimekuja kumpima Bosi kichwa," nikasema. "Siku ile nilimkwepa. Nisamehe kwa hilo."

Fundi viatu aliendelea kugonga kisigino. Akakigonga mpaka kikaisha. Kisha akaniburutia kiti kwa mguu. "Bosi, njoo upimwe."

Bosi akaja, kanyoosha shingo kama askari. "Nipime vizuri," akaniambia. "Usiniibie."

Kichwa, sentimita sitini na mbili. Kifua, hamsini na nane. Mama yake mwenyewe akachukua kidole changu, akakipitisha nyuma ya sikio la kulia nikauhisi mrija unavyopita, mwororo, unashuka na shingo. "Hapa kisiguse kitu cha kubana," akasema. "Pengine popote, sawa." Bosi akatazama vidole vyangu, akaniuliza kama nasikia baridi.

Nilikimbilia kwa Kipimo. Karatasi zake ni za mwaka mmoja mpaka kumi na miwili. Tulizipekua zote, na hakuna hata moja yenye mtoto ambaye kichwa kinakizidi kifua.

"Nitumie ipi, mwalimu?"

"Hakuna. Utachora."

"Sijui kuchora."

"Unajua kuhesabu safu. Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja kitanzi kimoja. Anza na mtoto, karatasi itafuata."

Basi nikachora. Nikafuta, nikachora. Kwanza nilifanya ambalo ungefanya wewe au mtu yeyote: nikaipanua shingo. Ikapita kichwani bila tabu, na ilipofika mabegani ikaendelea na safari. Iliishia kwenye viwiko. Bosi akajitazama kwenye kioo cha kupimia viatu. "Nimevaa gunia," akasema.

Nikapendekeza niifungue mbele yote, iwe sweta ya vifungo kama shati. Fundi viatu alikataa kabla sijamaliza. "Wenzake watavaa za kupitisha kichwani. Kichwa chake tayari watakitazama, siwezi kuwazuia. Sitaki wapate na nguo ya kutazama. Kama haiwezekani niambie, asubiri mwaka mwingine."

Zilikuwa zimebaki siku tisa shule kufunguliwa. Niliketi kwenye kibao cha Bosi na daftari langu, na kwa mara ya kwanza tangu ile meza ya simu ifungwe nilikaa saa nzima bila kuinuka, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa mahali pa kwenda. Fundi viatu alikuwa na buti la mtu mwenye mguu uliovimba. Nikamtazama akipitisha kisu ubavuni mwa buti, taratibu, kuanzia juu.

"Unaliharibu?" nikauliza.

"Mguu hauingii. Sisi hatupanui mdomo, utapwaya na kiatu kitachomoka. Tunafungua ubavu, mguu ukishaingia tunafunga."

Tulitazamana. Nadhani tulifika pamoja. Akaweka kisu chini, akanyoosha mkono kwenye daftari langu na kuweka ukucha wake mweusi kwenye bega la kushoto la mchoro, upande usio na mrija. "Hapa," akasema.

Sikia sasa hesabu, dada, nivumilie, maana hii ndiyo furaha yangu. Shingo ya kukaa vizuri kwenye mwili wa Bosi ina mzunguko wa sentimita arobaini na sita. Bega ni sentimita nane. Ukiliacha wazi bega la kushoto, mbele nane na nyuma nane, unapata sitini na mbili, kichwa kamili bila nafasi ya kupumua. Kipimo akasema hatutaki kipite kwa bahati. Nikaushusha uwazi ukaingia juu ya mkono, tano mbele, tano nyuma. Sabini na mbili. Upande wa nyuma nikaongeza safu kumi na mbili, ulimi wa kuingia chini ya upande wa mbele ili baridi isipite. Kila safu niliihesabu kwa sauti, Mama akidhani nasali.

Vifungo vya kawaida vingetokeza. Fundi viatu akaleta vile vya kubana vya mikoba, bapa kama sarafu, akavipaka rangi ya samawati. Na kwa kuwa vingechana vitanzi, alishona chini yake utepe wa ngozi laini. Tulifanya kazi kwenye meza yake, nyundo yake na sindano yangu, wateja wakizunguka kwa upande.

Ijumaa tukamvika. Ilishuka kama maji. Mama yake akabana vifungo vinne, ta, ta, ta, ta, na bega likafunga usijue kama liliwahi kufunguka. Bosi akageuka kushoto, akageuka kulia, akainama, akainuka.

"Lete na ya pili," akasema. "Hii nikiifua?"

Fundi viatu alicheka, mara akaacha kucheka, akaenda kuosha mikono ambayo haikuwa michafu.

Jumatatu nilisimama nje ya uzio wa shule, nimekwenda bila kualikwa. Bosi nilimwona mara moja, bila shaka, kile kichwa hakifichiki. Watoto walimtazama, mmoja akaja kukigusa. Akamwambia kitu, sikusikia, yule mtoto akatoa mkono. Lakini kwenye mstari alikuwa na sweta ya samawati kama wenzake, na mwalimu alipita akikagua sare, kola kwa kola, akampita. Alimpita tu, dada. Nilirudi nyumbani nikilia barabarani, watu wakanipisha.

Ungefikiri sasa nimetulia. La. Mwezi uliopita fundi viatu aliniomba nimsindikize kliniki, siku wanapopeleka watoto wenye maji kichwani kuangaliwa. Chumba kina mabenchi manne. Nilipoingia niliona mashati ya vifungo. Kila mtoto, mashati ya vifungo, makoti yaliyokatwa shingo, fulana iliyopasuliwa na kufungwa kwa pini. Akina mama walimzunguka Bosi, wakafungua lile bega, wakalifunga, wakafungua, mpaka mwenyewe akawaambia wapange foleni.

Nilipima watoto tisa siku ile. Hakuna mwenye vipimo vya mwenzake. Mmoja mrija uko kushoto. Mmoja shingo haijawa na nguvu, lazima avikwe akiwa amelala, basi sweta yake inafunguka mpaka ubavuni. Daftari limejaa, nimeanza la pili, na Kipimo anakuja kwangu Jumatano kunisaidia, sasa ananiuliza mimi.

Wa mwisho alikuwa mama kijana aliyekaa benchi la nyuma na mtoto wa miezi mitano, amepasuliwa mara mbili, amelala tu, mdogo kuliko miezi yake. Nikainama na futi. Akaweka kiganja chake juu ya mtoto.

"Usimpime wa leo," akaniambia. "Nifumie ya mwaka kesho."

Nilimtazama muuguzi. Akainamia makaratasi yake. Nikamtazama fundi viatu; aliyafumba macho kidogo, kama anayesema ndiyo.

"Vipimo vya mwaka kesho sina, mama," nikamwambia.

"Kadiria."

Nimetembea wiki nzima kwa ajili ya mtoto huyo. Kutoka dirishani mpaka jikoni, kwenda na kurudi. Kichwa chake kitakuwaje, mabega yatafika wapi, sijui, wala daktari hajui. Nilimwendea Kipimo, nikatarajia aniambie haiwezekani kufuma bila kipimo. Aliketi, akachukua penseli, akaniuliza, "Rangi gani?" Nilikuwa nimesahau kuuliza. Tukachagua ya manjano.

Sasa iko kwenye mashine, mbele yangu ninapoandika. Nimefungua mabega yote mawili. Leo asubuhi nimefika safu ya hamsini na mbili, sijakosea hata moja. Imebaki mikono. Nimeichora mirefu, yenye pindo la kukunja mara mbili, ili kama mtoto atachelewa kidogo kukua, sweta imsubiri.

Mama anakusalimu, anasema upige simu lakini si wakati wa taarifa ya habari. Shemeji yako anasema goti lisilosikia dawa lina matatizo ya bomba. Fundi viatu hakujui lakini nimemsomea kipande cha barua hii, naye anakusalimu. Wasalimu shemeji na wanangu, wape busu kila mmoja kutoka kwa mama yao mdogo, na usisahau vipimo vyao. Na vichwa pia, usione haya.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akulainishie ngazi za huko, atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye popote ulipo,

Kiherehere.